Mababu Watano wa Kuazima

— Rudia.

— Mpiga-Nyundo akamzaa Mfuga-Njiwa. Mfuga-Njiwa akamzaa... akamzaa...

— Kimya-Kingi! Mbona babu yako huyo unamsahau kila siku?

— Umemzaa juzi kwa kalamu nyekundu, nitamzoea lini?

Mwalimu akacheka, akampiga daftari begani. Walikuwa chumba cha nyuma cha karakana ya kujalidi vitabu, katikati ya marundo ya kamusi zilizong'oka migongo. Bibie alifundisha fasihi shule ya jirani. Mchumba wake alikuwa fundi wa kushona vitabu, wote wakimwita Mjalidi. Kitabu kilimfikia hakina kichwa wala mkia, kikatoka kimevaa jalada jipya, kikasimama rafuni na wenzake kama ndugu wa tumbo moja. Mwenyewe ndiye hakuwa na jalada. Alilelewa kituo cha watoto, na faili lake lilikuwa na mstari mmoja tu: wazazi hawajulikani.

— Nikiwaambia ukweli je?

— Shangazi akuulize "kwenu wapi?", umjibu "kabatini, droo ya tatu"? Atakutoa mbio! Baba atakusamehe yote, umaskini, hata hayo masikio yako ya sufuria. Lakini asiyejua kwao haoi pale.

— Na haya majina umeyatoa wapi?

— Bibi yangu marehemu, mama yake baba, alikuwa akinibembeleza nayo nilale. Majina ya hadithi tu. Binadamu gani aliwahi kuitwa Kimya-Kingi? Haya, malizia.

— Kimya-Kingi akamzaa Mla-Mwisho. Mla-Mwisho akamzaa Mguu-Njiani. Mguu-Njiani akanizaa mimi, maskini ya Mungu.

— Hilo la maskini liache hapa hapa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, wakapeleka posa. Mshenga alikuwa Mzee Gundi, mwenye karakana, ambaye vidole vyake vilikolea gundi hivi kwamba ukisalimiana naye asubuhi mnaachana adhuhuri.

— Karibuni — alisema Shangazi, mama mwembamba mwenye sauti ya watu watatu. — Chai ipo, ila maswali kwanza.

— Afadhali chai ipoe kuliko bwana arusi, dada yangu — akasema Mzee Gundi.

— Wewe huoi, nyamaza. Kijana, kwenu wapi?

Mjalidi akayatoa majina moja baada ya jingine, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Alipofika kwa Mla-Mwisho, Shangazi aliacha kumimina chai. Alipofika kwa Mguu-Njiani, Baba yake Mwalimu, karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyezika wazazi wawili na mke bila kutoa chozi, alisimama.

— La mwisho. Litaje tena la mwisho.

— Mguu-Njiani. Ndiye baba yangu.

— Yu hai?

Swali hilo hawakulifanyia mazoezi.

— Alishafariki, mzee.

Baba akageuka kwa Shangazi.

— Dada, kaka yetu amekufa.

Ndugu zangu, nyumba ile ililia! Wakaelezana kwa kwikwi. Hayo yalikuwa majina ya ndani, ya mama yao kuwatania watu wa ukoo wa mumewe, na hayakuvuka kizingiti hata siku moja. Mguu-Njiani alikuwa kaka yao mkubwa. Aligombana na baba yao, akaondoka na viatu vyake mkononi, akapotelea huko huko. Mama akayaacha majina hayo yote, akaapa kutolitaja lake tena, na hakuna aliyemsikia akilitaja mpaka anaingia kaburini. Hakuna, isipokuwa kitoto kimoja cha kike kilichokuwa kikisinzia mgongoni kwake.

Shangazi akamshika Mjalidi uso kwa viganja viwili.

— Nilisema mimi! Alipoingia tu nikajiuliza, haya masikio nimeyaona wapi?

— Mwanangu — akasema Baba, na kumkumbatia. — Mwanangu, umerudi kwenu.

Miaka thelathini na moja Mjalidi alikuwa ameitwa kijana, fundi, wewe, bwana mdogo. Hilo la "mwanangu" lilimwingia kama maji kwenye udongo mkavu. Hata hakusikia vizuri yaliyofuata.

— Binti yangu, futa machozi — Baba aliendelea. — Posa imekufa, ila amefufuka mtu. Nyumba hii mtoto wa baba mkubwa ni kaka, hatuna mjadala. Mpe kaka yako mkono.

Mzee Gundi akakohoa.

— Jamani, samahanini, mimi huyu nilimchukua kule kwenye kituo cha...

Mjalidi akamfinya goti chini ya meza. Mzee Gundi akamtazama, akafumba mdomo.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe kutoka kwa Mwalimu, aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake:

"Sema sasa hivi."

Akajibu: "Subiri kidogo."

"Kidogo gani? Shangazi ameenda kukuletea picha ya Mguu-Njiani!"

"Sijawahi kuitwa mwanangu. Nipe leo tu."

Leo ikazaa kesho, kesho ikazaa wiki. Wakamwonyesha mahali pake mezani. Wakamchongea funguo. Baba akaandika jina lake kwenye daftari la ukoo, kwa mwandiko wa mahakamani, na Mjalidi ndiye aliyepewa lile daftari alishone upya. Kila Mwalimu alipopiga simu, ni hayo hayo:

— Lini?

— Mpenzi, presha ya mzee imepanda. Ikishuka tu.

— Presha ya nani, yake au yako?

Wiki ya tatu Mwalimu alishindwa kuvumilia. Akawakuta wote sebuleni, mchana kweupe, akasimama mlangoni na mkoba wa shule bado begani.

— Baba, nimekosa. Huyu si mtoto wa mtu yeyote hapa. Majina nilimfundisha mimi. Bibi alikuwa akiniimbia.

Shangazi akasonya.

— Mama yangu aliapa! Tumeishi naye miaka ishirini hakulitamka, aje akuimbie wewe? Mapenzi yamekupofusha, mtoto, sasa unataka kutuulia kaka mara ya pili.

— Muulizeni mwenyewe! Muulizeni!

Baba akamgeukia Mjalidi taratibu. Macho yake yalikuwa yanaomba, na mtu mzima akikuomba kwa macho ni balaa.

— Mwanangu, anasema kweli?

Mwalimu alimwangalia mpenzi wake. Hakukasirika, hata kidogo. Alitabasamu, kama alivyokuwa akitabasamu alipomsubiri akumbuke jina la Kimya-Kingi. Alijua atalikumbuka.

Mjalidi akatazama daftari la ukoo mezani. Akatazama funguo.

— Sijui unachosema, dada.

Dada: neno moja, silabi mbili. Mwalimu alishusha mkoba sakafuni kana kwamba umekuwa mzito ghafla, akaingia chumbani.

Miezi minane baadaye aliolewa na mhasibu mmoja mpole, aliyejua kwao mpaka babu wa tisa, na ambaye hakuwahi kumchekesha. Jumatatu iliyotangulia arusi, Mzee Gundi alimwambia Mjalidi atafute kazi kwingine.

— Mzee, kosa langu nini?

— Huna kosa. Ila nikikuona nakumbuka goti langu.

Ukumbini mpiga picha alikuwa akifoka:

— Ndugu wa bibi arusi tu! Wengine pembeni! Kaka mtu yuko wapi?

— Yule pale! — Shangazi akamsukuma Mjalidi mbele kwa fahari. — Masikio yale pale!

Akasimama kulia kwa bibi arusi. Wakatazama mbele wote wawili.

— Hongera — akanong'ona.

— Nikipigwa huko, nikifukuzwa, nikichoka — Mwalimu akamjibu, midomo haitikisiki — mwenzangu yeyote hurudi kwao. Mimi kwetu unakaa wewe.

— Bibi arusi, usiongee! — akasema mpiga picha. — Kaka, msogelee dada yako. Msogelee, bwana, mbona kama hamjuani?