Kalenda ya Mlango wa Jikoni

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Nilitazama saa nikiwa nje ya mlango, mfuko wa dawa mkononi, nikimngoja mjomba amalize kufungua makufuli yake.

"Nani?"

"Mimi, mjomba. Si nimekupigia simu sasa hivi?"

"Mimi hata mbwa anaweza kusema. Mimi nani?"

"Yule wa duka la miwani. Nimeleta dawa ya macho ya shangazi."

Mlango ukafunguka kwa upana wa bega. Nikapita kwa ubavu, na kabla mguu wa pili haujatua ndani, kufuli la kwanza lilikuwa limekwisha bana nyuma yangu.

Mjomba alikuwa mume wa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Alikuwa fundi wa funguo. Tangu alipompiga risasi mwizi mle ndani, mtaa mzima ulimwita Kamanda. Jina lilimkaa vizuri. Alianza kutembea kifua mbele na kunyoa ndevu kila siku. Hata shangazi alimwita hivyo, ila yeye alilitamka kama mtu anayetema kokwa.

Nilimkuta shangazi jikoni, kwenye kigoda chake kando ya jiko, jicho la kulia limefunikwa pamba na plasta. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho jana yake. La kushoto lilikufa zamani. Kwa hiyo hadi asubuhi, saa ambayo nesi aliniagiza nimbandue, shangazi alikuwa gizani kabisa.

Na ndicho kilichonileta nilale pale. Simu yake ya mchana ilikuwa fupi: "Mwanangu, Kamanda anafyatua kila kinachocheza. Juzi kapiga pazia. Mimi natembea kwa kupapasa. Njoo kabla hajanipapasa yeye kwa risasi."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

"Umefika," alisema sasa, akinishika kiganja. "Kamanda kakukagua? Siku hizi hata hewa inaomba kibali."

"Nakusikia," mjomba alisema.

"Nimesema usikie."

Mjomba aliketi mezani. Chai yake kushoto, bastola kulia. Shingoni alivaa funguo zote za nyumba kwenye uzi mweusi. Nilimwambia kwa adabu kwamba kesho nitamchukua shangazi akapumzike kwangu kwa siku chache.

"Haendi popote. Humu ndimo salama. Nimeizindika nyumba, wewe msomi hujui mambo haya. Mganga amefukia dawa pembe zote nne na chini ya kila kizingiti. Hakuna roho inayovuka mpaka mlango wa jikoni ufunguliwe kwa ufunguo wa mwenye nyumba."

"Na bado inakuja?"

Aliangalia mlango wa jikoni, ule wa kutokea uani.

"Kila jioni. Inahangaika na kitasa. Inataka kuingia."

"Kabla ya mganga palikuwa kimya," shangazi alisema taratibu.

"Nyamaza wewe."

Nami nikautazama mlango. Nina tabia ya kukagua vitu, kazi yangu imenizoesha. Mlango ulikuwa wa mbao, rangi ya kijivu. Komeo la chuma kwa ndani, na kufuli kubwa la shaba likining'inia. Kitasa cha mkono. Na juu ya kitasa, kwenye usawa wa kifua changu, kalenda.

Nani hutundika kalenda mlangoni? Tena ya mwaka juzi.

Nilitaka kuuliza. Umeme ukakatika.

Giza lile lilikuwa la ghafla, maana dirisha la jikoni mjomba alikwisha lipigilia mbao. Nilisikia kikombe kikigonga meza. Nilisikia bastola ikiinuliwa.

"Mtu asicheze," mjomba alinong'ona.

Kisha harufu. Kali, ya kuchoma pua... Tapentaini. Mafuta ya kuoshea brashi za rangi. Nyumba ile haikuwa imepakwa rangi tangu mwaka uliopita, na aliyeipaka ndiye aliyekufa mle. Fundi rangi. Alirudi usiku mmoja kuiba redio ya shangazi. Maelezo ya mjomba kwa askari yalikuwa mafupi na mtaa mzima uliyajua kwa moyo: alinijia na bisibisi, nikajitetea. Nani angembishia? Mwizi ni mwizi, na mtu yumo nyumbani mwake. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa wenzangu kazini.

Kitasa kikalia.

Polepole. Mkono wa kitasa ukashuka... ukasita... ukapanda.

"Unaona?" mjomba alinong'ona. "Yuko nje."

Niliwasha tochi ya simu. Mwanga ukacheza ukutani kabla ya kuupata mlango. Kitasa kilishuka tena. Kitasa cha namna ile hushuka pande zote mbili, huwezi kujua anayekibonyeza yuko upande gani.

Lakini kufuli lina upande mmoja tu.

Nililiona likiinuka. Kufuli la shaba, zito, liliinuka kutoka kwenye komeo kana kwamba limelazwa kwenye kiganja. Likageuzwa, tundu la ufunguo likatazama juu. Likaachiwa.

Ngo.

Lilikuwa kwa ndani.

Alikuwa ndani, pamoja nasi.

Sijui nilipata wapi miguu. Nadhani mwenye hofu sana huchoka kukaa mbali na kile anachokiogopa. Nilisogea hadi mlangoni, nikainua kalenda. Nyuma yake palikuwa na tundu, dogo, la mviringo, kingo zake safi. Nikapitisha kidole. Upande wa pili mbao zilikuwa zimepasuka na kuchomoza vibanzi kuelekea uani.

Risasi ilitoka ndani kwenda nje. Aliyepigwa alikuwa amesimama pale niliposimama mimi. Ameelekea mlango.

Na mlango ulikuwa na kufuli.

Pembeni ya sikio langu, pumzi ya baridi. Tapentaini ikanijaa kooni. Sauti ya mtu mzima anayejitahidi kubaki na adabu:

"Nifungulie, mzee... Redio hii hapa. Nifungulie niende."

Shangazi akaguna kwenye kigoda.

"Hayo hayo," alisema. "Neno kwa neno. Nilimsikia nikiwa kitandani. Alisema mara nyingi, Kamanda. Ulimfungia kwanza. Nilisikia kufuli likibana, halafu ukakaa kimya muda mrefu, unamsikiliza."

"Mwanamke, nyamaza."

"Nimenyamaza mwaka mzima."

Niligeuza shingo tu. "Mjomba, nipe ufunguo. Hataki kuingia. Ulipozindika nyumba yeye alikuwa humu. Umemfungia."

Nilidhani angeshtuka. Mwanga wa simu ulinionyesha uso wake, na haukuwa uso wa mtu anayesikia jambo jipya.

"Aliingia mwenyewe," alisema. "Akae."

"Ulijua?"

"Mganga aliniambia. Akaniuliza, tumtoe kwanza au tumfungie? Nikamwambia, mwizi akitoka anakwenda kusimulia. Akae humu nimwone." Akanyanyua bastola. "Sasa toka hapo mlangoni."

Sikutoka. Si kwa ujasiri. Kitu kilikuwa kimesimama bega kwa bega nami, na bega lile lilikuwa likitetemeka kuliko langu. Niliogopa nikisogea nitaligusa.

"Nani yuko mlangoni?" shangazi aliuliza. Alikuwa amesimama, mikono mbele, anapapasa hewa.

Mjomba alinitazama. Nilimwona akipima, kama fundi anavyopima ufunguo kabla ya kuupeleka kwenye tupa.

"Mwizi," alisema.

"Shangazi, ni mimi."

"Usimsikilize. Wanajua kuiga sauti." Alisema kwa upole kabisa. "Kaa chini, mama. Nakulinda."

Akaielekeza bastola kifuani kwangu. Nilisikia chuma kikilia, kile kilio kidogo kinachokuja kabla ya risasi.

Na uzi wa shingoni mwake ukakaza.

Ulivutika kuelekea mlangoni, wenyewe, funguo zimesimama hewani kama zimenyoshewa mkono. Mjomba akakoroma. Alishika uzi kwa mikono miwili, na bastola ikaanguka, ikateleza sakafuni, ikagonga vidole vya miguu ya shangazi. Uzi ukakatika. Funguo zikanipita usoni. Ufunguo mmoja, ule mnene, ukaingia kwenye kufuli bila kukosea. Ukazunguka.

Komeo likarudi nyuma. Mlango ukafunguka.

Kitu kilinipita. Sikukiona. Nilisikia nyayo pekupeku uani, za haraka, halafu za kukimbia, halafu hakuna. Harufu ikaondoka nazo. Hewa safi ya jioni ikaingia, na kwa mbali jirani alikuwa akimwita mwanawe aje kuoga.

Ingeishia hapo.

Mjomba alikuwa chini, akikohoa. Alipoinua kichwa hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yake, kwenye korido, na sijui aliona nini huko. Mdomo ulimlegea. Akainuka, akanipiga kikumbo, akaelekea mlango uliokuwa wazi. Kandambili zake zilikuwa zikipiga sakafu, pa, pa, pa, na kwa asiyeona, sauti ile ingeweza kuwa ya mtu anayekuja au anayeondoka.

Shangazi alikuwa ameishika bastola kwa mikono miwili.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Mwanangu, sema. Anakuja?"

Niliuona mgongo wa mjomba. Shati jeupe, jasho katikati, mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Alikuwa akikimbia. Hakuwa na kitu mkononi. Nilikuwa na muda wa kutosha kuyaona yote hayo.

Niliwaza kwamba atarudi. Kesho, au wiki ijayo, atarudi na kifua mbele, na shangazi atakuwa humu, na mlango utakuwa na kufuli.

"Anakuja," nikasema.

Shangazi akafuata sauti ya kandambili.

Mlio ulijaza jiko lote. Risasi ilimpenya, ikatoboa mlango uliokuwa umefunguka nusu. Mjomba alianguka kwa uso, kiwiliwili uani, miguu jikoni.

Kisha shangazi akaiweka bastola juu ya jiko, taratibu, kama anarudisha kifuniko cha sufuria.

"Amekufa?"

"Anapumua."

"Yuko nje?"

"Nusu."

Akaanza kulia, bila sauti, machozi yakilowanisha pamba. "Mwingize ndani. Ni mume wangu. Asilale nje kama mbwa."

Nilimshika miguu. Aligundua ninachofanya, akageuza kichwa, damu ikimtoka mdomoni. Vidole vyake vikashika fremu ya mlango.

"Niache nje," alinong'ona. "Binti... niache hapa hapa. Usinirudishe ndani. Nakuomba."

"Anasema nini?" shangazi aliuliza.

"Anaomba maji."

Nilivibandua vidole kimoja kimoja. Vilikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia. Nilimvuta hadi katikati ya jikoni, na alipokata pumzi alikuwa amekodolea mlango. Nikaufunga. Nikalibana kufuli, nikatoa ufunguo wa mwenye nyumba, nikautia mfukoni. Ndipo nikapiga simu.

Askari aliyekuja alikuwa yule yule wa mwaka uliopita. Alitazama shimo mgongoni, akatazama plasta ya shangazi, akatikisa kichwa.

"Giza, umeme hakuna, nyumba ilishaingiliwa," alisema. "Alidhani mwizi?"

"Alidhani mwizi," nikajibu.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Sikuona kitu."

"Poleni sana. Kamanda alikuwa mtu wa watu."

Yeye na wenzake wakamchukua. Wakaibandua kalenda, wakapiga picha ya tundu jipya mlangoni na lile la zamani kando yake, yamekaribiana kama macho. Wakaondoka wakizungumza habari za mafuta ya gari.

Asubuhi nilinawa mikono kwa sabuni kama nesi alivyoelekeza. Nilifuta sakafu kwanza, mara mbili. Kisha nikaichukua kalenda, nikaitundika mlangoni, chini kidogo ya mahali pake pa zamani, ili ifunike yote mawili.

Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake.

"Kabla hujabandua," alisema. "Niambie tena. Alikuwa anatujia?"

"Alikuwa anatujia, shangazi."

"Maana kandambili... zilikuwa kama zinakwenda."

"Ulikuwa umechanganyikiwa. Tulia, usifumbue ghafla."

Nikabandua plasta. Nikaondoa pamba. Jicho lilikuwa jekundu, lina majimaji, na lilikuwa zima. Alipepesa. Alinitazama mimi, akatabasamu, akanishika shavu, akasema nimekonda. Kisha akatazama mbele.

"Kalenda ya mwaka juzi," alisema. "Nani kaitundika mlangoni?"

Kabla sijajibu, kitasa kilishuka.

Kikasita. Kikapanda.

Kufuli la shaba likainuka kidogo, kama limelazwa kwenye kiganja cha mtu anayejua makufuli. Likazungushwa upande huu, upande ule, kwa utaalamu. Harufu ya grisi na vumbi la chuma ikaja, ile ya nguo zake za kazi.

"Binti," sauti ikanong'ona, karibu sana. "Nifungulie niende."

Shangazi aligeuza sikio, si jicho.

"Nani yuko mlangoni?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika. Ulikuwa wa moto, kama umetoka kwenye tupa sasa hivi.

"Hakuna mtu, shangazi," nikasema, nikafungua chupa ya dawa, nikamwambia ainue uso, nikamtia matone mawili, nikamwomba afumbe jicho.