Karatasi za Bibi Sweta

Kila alasiri alipotoka shule, Redio alipita kwanza chumbani kwa Bibi Sweta, kisha ndipo akaenda kwao. Haikuwa safari ndefu. Vyumba vyao vilipakana katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja wa saruji. Kabla hajafika mlangoni aliisikia mashine ya kufuma ikienda na kurudi, kwaruu, kwaruu, na Bibi akihesabu mistari kwa sauti ya chini.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usinisemeshe, niko mstari wa themanini na nne. Ukinipotezea hesabu, mtoto wa watu atavaa sweta yenye mkono mmoja mrefu."

Redio alicheka, akaketi juu ya gunia la nyuzi kusubiri. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya kusoma kwake. Kitabu chochote ukimpa, alikisoma kwa sauti kubwa bila kukwama, kama mtangazaji. Bibi Sweta, kwa upande wake, hakuwahi kukaa darasani. Alijua kuandika jina lake tu, na aliliandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Barua, karatasi za oda, maelezo ya dawa, vyote alisomewa na Redio. "Huyu ndiye macho yangu," aliwaambia wateja wake, na Redio alipenda sana kuyasikia maneno hayo.

Mama yake Redio alikuwa mpiga pasi. Zamani alifua nguo kwenye nyumba za watu na kurudi jioni mikono imechubuka, na mara nyingine alirudi bila kulipwa. Miaka miwili iliyopita alijiunga na kikundi cha akina mama kumi waliokutana kila Alhamisi kwenye baraza ya karakana ya seremala. Waliweka akiba kidogo kidogo, na aliyekwisha kuweka kwa wiki nane aliruhusiwa kukopa, wenzake wote wakimdhamini. Kwa mkopo wake wa kwanza mama alinunua pasi mbili za mkaa na meza imara. Sasa wateja walimletea kazi nyumbani, na Redio hakufukuzwa tena shuleni kwa kukosa madaftari.

"Jiunge na sisi, Bibi," mama alikuwa akimwambia jirani yake mara kwa mara.

"Wiki nane kusubiri? Mimi na umri huu hata maparachichi mabichi sinunui, nisije nikafa hayajaiva," Bibi alijibu, wakacheka wote wawili.

Mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa kwa mwaka mpya, Bibi Sweta alipata oda ambayo hakuwahi kuipata maishani: sweta mia moja na ishirini kwa shule moja tu. Shule ingelipa siku ya kuzipokea. Tatizo lilikuwa nyuzi. Duka la jumla halikukopesha mtu. Ndipo akasikia habari za kampuni moja ya mikopo iliyofungua ofisi karibu na stendi, ambayo watu walisema inatoa pesa siku ile ile.

Alasiri ya Jumatano, wakala wa kampuni hiyo alifika kwa pikipiki. Alimkabidhi Bibi karatasi nne zilizobanwa pamoja, akasema ofisi inafunga saa kumi, kisha akatoka nje ya geti kuzungumza kwenye simu. Mama alikuwa amekwenda kupeleka nguo kwa wateja. Redio alikuwa ameingia kwao mara moja tu kuchukua viatu vya michezo. Siku hiyo ilikuwa fainali ya netiboli ya likizo, naye ndiye mfungaji wa timu. Wenzake walikuwa wakimwita kutoka barabarani.

"Njoo unisomee hizi, macho yangu," Bibi aliita.

Redio alisimama mlangoni akizifunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Ukurasa wa kwanza aliusoma wote: jina la mkopaji, kiasi, na kwamba mkopo ni wa miezi mitatu. Alipofungua wa pili alikuta maandishi madogo, yamesongamana kama siafu, yenye maneno magumu ambayo hata yeye yangemtaka atulie. Nje waliita tena. Alifunua ukurasa wa tatu, akafunua wa nne, macho yakipita juu juu.

"Yaliyobaki ni yale yale tu, Bibi."

"Umeyasoma yote?"

"Nimeyasoma yote."

"Kwa hiyo shule ikinilipa mwezi ujao ndipo nianze kurudisha?"

"Ndiyo, Bibi," alisema Redio, tayari mguu mmoja uko nje.

Bibi Sweta alichukua kalamu, akaandika jina lake. Redio alikimbia uwanjani. Walishinda kwa tofauti ya mabao mawili aliyoyafunga yeye mwishoni, na jioni ile alilala akitabasamu.

Nyuzi zilifika, na mashine haikupumzika. Wiki ya kwanza Bibi alikamilisha sweta ishirini na mbili. Wiki ya pili zikafika arobaini na tano. Alifanya kazi huku akiimba, akawaza kwa sauti kubwa atakachokifanya na faida: kuziba bati linalovuja, kisha kununua miwani.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, Redio alirudi kutoka dukani akakuta pikipiki yenye toroli imeegeshwa getini. Wanaume wawili walikuwa wameinyanyua mashine, nyuzi za bluu zikining'inia bado kwenye sindano zake. Majirani walikuwa wamesimama ua mzima, akiwemo mama na pasi yake mkononi.

"Malipo ni kila wiki, na wewe umekosa mara mbili," wakala alikuwa akisema. "Hatukuja kukuonea, Bibi. Imo kwenye mkataba."

"Haimo," alijibu Bibi Sweta. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Mimi nina msomaji wangu. Huyo hapo. Njoo, mwanangu, uwasomee hawa."

Redio alipokea zile karatasi. Wakala alimwonyesha kwa kidole mahali, ukurasa wa tatu, katikati. Alisoma, kwa sauti ile ile waliyoizoea wote, kwamba mkopaji ataanza kulipa baada ya siku saba, na kila siku saba baada ya hapo. Akikosa mara mbili, kampuni itachukua mashine aliyoiweka rehani bila kutoa taarifa.

Bibi Sweta alimtazama. Redio alitamani apigwe, au agombezwe, au ardhi impasukie pale pale.

"Basi nimesahau mimi," Bibi alisema hatimaye, akiwageukia majirani. "Mtoto alinisomea. Uzee huu, kichwa hakishiki kitu." Alizichukua karatasi, akazikunja, akaingia ndani.

Redio angeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mama alikuwa akimtazama, majirani walikuwa wakimtazama, na Bibi mwenyewe alikwisha kubeba lawama. Akanyamaza.

Alinyamaza Jumanne, akanyamaza Jumatano. Alhamisi mama alipokwenda kwenye kikundi alimpitia Bibi mlangoni kwake, akamuuliza kama kuna msaada wowote. Bibi alijibu kwamba mambo yamekwisha, asihangaike. Aliona aibu kuonyesha zile karatasi. Ijumaa Redio alipita mlango ule akitembea kwa ncha za vidole. Hakukuwa na kwaruu kwaruu. Alimwona Bibi ameketi kitandani, anafuma sweta kwa mkono na sindano mbili, kazi ambayo ingemchukua siku nne kwa sweta moja.

Jumamosi asubuhi, mama alikuwa akipiga pasi mashati ya wateja. Redio alisimama upande wa pili wa meza.

"Mama, Bibi hakusahau."

"Hakusahau nini?"

"Sikumsomea. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu. Nilikuwa nawahi fainali. Akaniuliza kama nimesoma yote, nikasema ndiyo."

Mama aliiweka pasi chini. Hakugomba. Alivua aproni, akamshika Redio mkono, wakaenda mlango wa pili. Redio alirudia maneno yale yale mbele ya Bibi Sweta, safari hii akilia.

"Nilijua," alisema Bibi. "Nilipokutazama pale uani, nilijua."

"Kwa nini hukusema, Bibi?" mama aliuliza.

"Ningemwaibisha mtoto mbele ya watu, mashine ingerudi?"

Mama aliomba zile karatasi. Bibi alisita, kisha akazitoa chini ya godoro. Mama alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, maana hakuwa msomaji wa haraka kama bintiye. Alipofika ukurasa wa nne, kidole kilisimama. Akarudia kusoma. Kisha akaketi.

"Imeandikwa hapa kwamba mwenye mali anaweza kuikomboa ndani ya siku nne akilipa zile wiki mbili tu," alisema. "Kikundi chetu kina mfuko wa dharura. Juzi tulikuwa na hela hiyo mezani. Siku ya nne ilikuwa jana."

Walikwenda ofisini wote watatu, mbio mbio. Ilikuwa saa tano. Karani aliangalia daftari lake, akasema mashine imeuzwa saa tatu asubuhi kwa fundi aliyetoka mji mwingine, na kwa kuwa imeuzwa, deni limefutwa. Aliongea kwa adabu. Aliwakaribisha hata viti. Bibi Sweta aliuliza kama huyo fundi alionekana mtu wa kuitunza mashine. Karani alisema hakumbuki.

Njiani kurudi, Redio alitembea nyuma yao. Alikuwa akipiga hesabu kichwani na haikukubali kubadilika. Kama angesoma siku ile, Bibi asingetia saini. Kama angesema Jumatatu, au Jumanne, au hata jana kabla ya jua kuzama, mashine ingekuwa inarudi nyumbani. Mashine ile Bibi aliinunua kwa miaka sita ya kufuma kwa mkono, na ndiyo iliyowasomesha watoto wake watatu.

Shule ilipokea sweta zilizokuwa tayari, ikampa fundi mwingine oda iliyobaki. Alhamisi iliyofuata, Bibi Sweta alikwenda barazani kwa seremala pamoja na mama. Redio alifuata, kwa sababu mama alitaka aseme mwenyewe mbele ya kikundi alichokifanya. Alisema. Mwenyekiti, mama mmoja mnene aliyeuza mkaa, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hatuwezi kumkopesha leo," mwenyekiti alimwambia Bibi. "Kanuni ni wiki nane, na kanuni hiyo ndiyo inayotulinda. Lakini kuanzia leo wewe ni mwenzetu. Hapa mkataba husomwa kwa sauti mbele ya wote, neno kwa neno, na asiyeelewa huuliza hata mara kumi. Tunachelewa, ndiyo. Ila hatujawahi kumnyang'anya mtu kitu."

Bibi aliweka akiba yake ya kwanza kutokana na sweta za mkono. Kila Jumamosi kwa wiki nane, Redio alikwenda kumviringishia nyuzi na kumpelekea sweta kwa wateja. Hakuambiwa afanye hivyo, wala hakukatazwa. Jumamosi ya kwanza Bibi alimwambia kwamba amemsamehe; walizungumza mambo mengi, na Bibi alimtania kama zamani.

Wiki ya tisa mkopo ulipitishwa. Karatasi ilipotolewa, Redio alinyoosha mkono bila kufikiri. Bibi Sweta alimpita, akampa katibu wa kikundi.

"Nisomee wewe, katibu," alimwambia. Hakusema kwa hasira.

Redio aliurudisha mkono mapajani. Katibu alisoma kila neno. Bibi aliuliza maswali matano, akaandika jina lake. Kwa mkopo huo alinunua mashine iliyotumika, ndogo kuliko ile ya kwanza, yenye tabia ya kukamata nyuzi upande wa kushoto. Haikumpa oda ya sweta mia moja na ishirini. Ilimpa thelathini muhula uliofuata, akalipa kila wiki bila kukosa, na bati likazibwa.

Siku ile katibu aliposoma karatasi, mama na Redio walirudi nyumbani pamoja, Redio akiburuta miguu mpaka mama akamuuliza kilichomsibu.

"Bibi alisema amenisamehe."

"Amekusamehe kweli. Kama angekuwa na kinyongo, usingekanyaga chumbani kwake."

"Mbona amempa katibu?"

Mama alipunguza mwendo ili watembee sambamba.

"Msamaha alikupa siku moja, mwanangu, kwa sababu ni wake na alitaka kukupa. Imani haitolewi hivyo. Mtu asiyejua kusoma anapokupa karatasi, anakupa nyumba yake na chakula chake uvishike. Kama huna nafasi, mwambie huna nafasi; atasubiri. Kama huelewi, mwambie huelewi; atamtafuta mwingine. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna cha kuokoa. Wewe ulikaa kimya siku nne kwa kuogopa aibu, na siku nne ndizo zilizokuwa zimebaki."

"Ataniamini tena lini?"

"Sijui," alisema mama. "Huenda ikachukua muda mrefu. Wewe endelea kusema kweli hata asipokuuliza."

Walipofika uani, mama aliwasha mkaa wa pasi, na Redio akaanza kuyatenga mashati ya kazi ya kesho.