Hongera ya Dakta Hallweg

"Ameshaingia kwa gari ya ubalozi. Kazi imeisha, Émilienne. Rudi ofisini."

Kuldip, mkuu wake, Singasinga wa Kisumu aliyesema naye redioni, hakuwa mtu wa kubabaika.

Émilienne, mlinzi wa siri, hakuzima pikipiki. Mbele yake Mercedes nyeusi ya ubalozi wa Ujerumani ilikuwa ikitoka Harrow, London, na Dakta Ruprecht Hallweg kiti cha nyuma. Zamani alikuwa wakili wa makampuni ya madini huko Cologne. Kisha akaingia siasa kwa chama cha kihafidhina, akapanda mpaka juu. Kesho kura yake bungeni Berlin ingefunga njia ya dhahabu ya magendo kutoka Kongo. Bila kura hiyo, mswada unakufa, na wenye magendo walilijua hilo.

Émilienne naye alilijua. Kaka yake alifukiwa katika shimo moja la dhahabu hiyo.

Kinasa sauti alichokificha chini ya kola ya Hallweg kilikuwa bado hai, kikimletea kila neno sikioni.

"Kesho unatimiza miaka sitini, Herr Doktor," dereva alisema kwa Kijerumani safi. "Hongera sana."



Émilienne akabonyeza redio.

"Mukubwa, ule dereva haiko wa ubalozi."

"Umejuaje?"

"Amemupa hongera ya birthday. Na siku yake ni kesho."

"So? Si ni heshima tu?"

"Dereva wa ubalozi iko Mujerumani, na kwa Wajerumani ni mukosi. Hawapongezake mutu mbele ya siku yake. Nilipelekea jirani Mujerumani keki siku moja mbele, akanifungia mulango."

Laini ikakatika. Kisha sauti ya Kuldip ikarudi, safari hii bila utulivu.

"Nimepigia ubalozi. Dereva wao amepatikana amefungwa kamba kwa parking. Mshike huyo."

Pikipiki yake ya BMW ikanguruma.

Dereva alimwona kwenye kioo. Dirisha likashuka. Bastola ya Glock ikatokeza.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pikipiki. Ya pili ilipita hewani.

Karibu na stesheni ya Rayners Lane basi liliziba barabara. Mercedes ikafunga breki kwa kelele. Émilienne aliruka kabla pikipiki haijaanguka, akavua helmeti na kuishusha kwa nguvu kwenye kifundo cha mkono ule uliotokeza dirishani.

Bastola ikaanguka kwenye lami.

"Usijitikise," alisema kwa Kijerumani, na pingu zikalia.

Hallweg alitoka akiwa mweupe pe, tai imepinda. Akainyoosha, akauliza, "Kijerumani umejifunzia wapi?"

"Cologne. Kambi ya wakimbizi. Mpaka mkanifukuza."

Hallweg akainamisha macho. "Sheria iliyokufukuza niliiandika mimi."

"Najua."

"Na bado umekuja."

Hasira ya Émilienne ilikuwa palepale, haijapungua hata chembe. Lakini kaka yake hakuwa na mtu mwingine wa kupiga kura kwa ajili yake.

"Kesho ifunge hiyo njia, Herr Doktor," alisema. "Halafu nitakuja Berlin tugombane kuhusu sheria yako."

Polisi walipofika kumchukua dereva, akainua pikipiki, akaondoka bila kugeuka.