Koleo la Baba Bertila

Kila alfajiri katika msimu wa tumbaku, kabla ya kengele ya shule, Bertila alimpelekea baba yake uji kwenye bani, ile nyumba ya udongo isiyo na madirisha ambamo tumbaku ya kijiji kizima ilikaushwa kwa moto. Bernardo, baba yake, ndiye aliyeuangalia moto huo. Ukizidi, majani huungua, ukipungua, huoza. Kijiji chao cha Ujamaa kilijengwa kando ya njia ya kale ya misafara, mbali kidogo na Usoke, na watu wake walimheshimu Bernardo kwa jambo la pili pia: aling'oa meno.

Hakuisomea kazi hiyo. Ujanani aliwahi kuwa mfagizi katika chumba cha mganga wa meno mjini Tabora. Akatazama, akadhani kutazama ni kujua. Koleo lake lilikuwa lile lile la kusokotea nyaya za bani. Akisha kung'oa, alishindilia ugoro katika pengo ili damu ikauke, kwa maana tumbaku ndiyo dawa iliyokuwa karibu na mkono wake. Wengi walipona, wakamwita "Daktari." Naye akaitika.

Siku moja Maua, aliyeketi dawati moja na Bertila katika darasa la sita, alishinda ameshika shavu.

"Nenda Usoke kwa mganga," Bertila alimshauri.

"Usoke? Wana sindano ndefu kama mwiko! Mwambie baba yako anitoe leo. Baba yangu amekwisha kubali."

"Utalia wewe."

"Nilie mimi? Nani aliyelia juzi kwa mwiba wa mchongoma, akataka abebwe?"

Wakacheka, wakaenda bani wameshikana mikono. Lakini jino lile lilikuwa limeoza. Bernardo alipolivuta lilikatika. Kichwa kikatoka, mizizi ikabaki.

"Iliyobaki itatoka yenyewe," alisema, akashindilia ugoro wake.

Mizizi haikutoka. Shavu la Maua liliumuka kama unga wa maandazi, homa ikapanda, kisha taya likakaza. Hakuweza kumeza hata uji, wala kutamka jina lake mwenyewe. Hapo baba yake, Mzee Abasi, mwenyeji wa Tabora mjini aliyeuza katika duka la ushirika, alikuja bani mbio.

"Ndugu Bernardo, mtoto ananifia!"

"Mpeleke Usoke," Bernardo alijibu bila kuinua macho. "Lakini wakijua, mimi nimekwisha. Na majani haya ya kijiji kizima ataangalia nani?"

Mzee Abasi alikuwa ameshageuka kuondoka. "Nitasema ni matumbwitumbwi. Hata mimi nina kosa, niliruhusu."

Mama yake Maua alikuwa hajatimiza arobaini ya uzazi, hakuweza kutoka nyumbani. Ikaamuliwa Bertila amsindikize mwenzake. Baba yake alimwita pembeni.

"Ukiulizwa, hujui kitu. Umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

Tela la trekta liliwafikisha Usoke jua likiwa utosini. Mganga wa zahanati, Bwana Nassibu, alijaribu kupitisha mpini wa kijiko kati ya meno ya Maua. Haukupita.

"Ni matumbwitumbwi, bwana mganga," Mzee Abasi alidakia.

"Huenda. Je, kuna mtu aliyeligusa jino la mtoto huyu?"

Mzee Abasi alimfuta Maua jasho, na mganga akaendelea.

"Nawauliza ninyi kwa sababu yeye hawezi kunijibu. Kama ni matumbwitumbwi, mrudisheni nyumbani akapumzike. Kama kuna jino lililovunjwa, basi usaha unashuka shingoni, na hana budi kupanda treni ya Tabora leo. Kesho nitakuwa nimechelewa. Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

Mzee Abasi alitazama sakafu. Bertila alitazama macho ya Maua, yaliyokuwa makubwa na yenye maji, nayo yalikuwa yanamtazama yeye peke yake. Akamfikiria baba yake akiupuliza moto.

"Baba yangu ndiye aliyeling'oa," alisema. "Kwa koleo la nyaya. Mizizi imo ndani. Na ugoro."

Mzee Abasi akajifunika uso. Bwana Nassibu hakukemea; aliita machela, na jioni ile Maua akasafirishwa Tabora.

Hakufa. Walimpasua chini ya taya wakatoa usaha na mizizi, lakini kovu lilibaki, na tangu hapo kinywa chake hakikufunguka zaidi ya upana wa kidole. Yule msichana mcheshi akawa anacheka huku amejiziba kwa kiganja.

Kwa taarifa ya Bwana Nassibu, polisi walimchukua Bernardo pale pale bani. Waliorithi moto wake hawakuujua, majani yakaungua, na uchungu wa kijiji kizima ukamwangukia Bertila. Kisimani watoto walimkimbia.

"Mfunga baba huyo! Msicheze naye, atawataja!"

Mama yake alimwekea chakula, neno hakumwekea.

Siku ya kesi, mjini Tabora, hakimu aliuliza, "Mshitakiwa, unakiri kwamba ulifanya uganga wa meno pasipo elimu wala leseni?"

"Nakiri, mheshimiwa. Lakini watu walikuja wenyewe, na wengi walipona."

"Sheria haikuwekwa kwa ajili ya waliopona," hakimu alijibu. "Imewekwa kwa ajili ya huyu." Akamwonyesha Maua, aliyeketi kando ya baba yake. "Leseni ni ushuhuda wa waliokufundisha na kukupima kwamba mwili wa mtu unaweza kukabidhiwa mikono yako. Nani alikushuhudia wewe?"

Bernardo alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na koleo likataifishwa.

Mlangoni askari walimruhusu kuwaaga watu wake. Alimtazama mkewe kwanza.

"Nimesikia humsemeshi mtoto. Mama Bertila, mimi ndiye niliyemfundisha uongo, naye akaukataa. Angenitii, Abasi angekuwa na kaburi, na mimi ningeshitakiwa kwa kifo cha mtoto."

Kisha akainama kwa Bertila.

"Mwanangu, kumtii mzazi ni wajibu. Lakini mzazi akikuamuru unyamaze wakati uhai wa mtu unapotea, amri hiyo si ya kutiiwa. Nami nimejifunza nikiwa mzee: kazi ya kugusa mwili wa binadamu unaisomea kwanza, ukapimwa, ukaruhusiwa. Sifa za watu hazitoshi. Mimi sifa zilinilevya."

Askari alimgusa Bernardo begani, naye akaenda bila kugeuka nyuma.

Mama alibaki amesimama juani muda mrefu. Hatimaye alifuta uso kwa ncha ya khanga, akamshika Bertila mkono, akaukaza.

"Haya, mwanangu. Twende tukaiwahi treni."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Bertila tangu siku polisi walipofika bani.