Mto Ulioonyeshwa Njia

Fundi wa fremu kama Kitonga hajazaliwa tena Eastlands. Akigonga msumari Kariokor, madirisha yanatetemeka Donholm. Sasa huyo mtu, alipigilia ramani ya mto kwa ukuta wa sebule yake huko mtaa wa Tena, na kesho yake saa saba mchana akaona pindo la gauni la bibi yake limelowa tope. Na jua lilikuwa la kukaangia mayai kwa mabati.

"Nthoki, umetoka wapi?"

"Sijatoka."

Ramani ilikuwa ya mzee Wanyonyi, karani aliyestaafu. Aliileta iwekwe fremu pamoja na picha ya zamani, wanawake wanateka maji mahali leo kuna maghorofa. Mzee akafa kabla hajazichukua. Kitonga akabeba zote nyumbani, akaita ploti nzima, wapangaji wote, akawafundisha alivyosikia kwa mzee: mto ulitoka hapa, ukakata kona hapa, mpaka watu wakaufukia kwa mchanga na takataka ndio wajenge. Majina aliyasoma kwa kidole, mbio mbio. Mama Awiti wa mlango wa pili akasema huyu ni profesa.

Siku ya pili, saa ile ile, maji yakampanda Nthoki kwa gauni mpaka magoti. Ya tatu, kiuno. Nthoki mwenyewe hasikii baridi, lakini gauni linachuruzika, nyumba inanuka tope la miaka mia, na nyuma ya ukuta mawe yanasagana, polepole, kama meno ya mtu mwenye hasira ambaye amelala njaa na amesikia harufu ya chakula na anajua mlango uko wazi.

Kitonga naye alikasirika hasira ya kupasua simiti. Alitukana fundi wa bomba, akatukana mwenye nyumba na babu zake saba. Pasta Musau aliletwa na mafuta ya upako; akatoka ameshika viatu mkononi, Biblia imefura kama mkate kwa chai.

Leo kiuno. Kesho kifua. Kesho kutwa mdomo. Hesabu hiyo hata Kitonga aliiweza.

Siku ya nne, saa saba, Nthoki ameketi mlangoni pa chumba cha kulala, maji kifuani, akafungua mdomo na sauti haikuwa yake.

"Walinifukia na mavi yao. Nimetafuta njia miaka yote hiyo."

Kitonga akashika nyundo. "Na nani alikuonyesha kwangu?"

"Wewe."

Mkono wa Nthoki ukanyooka kwa ramani. Ule mstari wa buluu, ndio mto wenyewe, ulishuka ukutani moja kwa moja mpaka pale alipoketi.

Halafu Nthoki akakohoa tope, na sauti yake ikarudi, imejaa uchungu.

"Umeipigilia kichwa chini, Baba Kathini. Niliona siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema mbele ya ploti yote kwamba bwanangu hajui kusoma? Miaka ishirini na mbili nakusomea kila karatasi kwa siri. Ungenipigia kelele mpaka mochari isikie. Afadhali nizame."

Kitonga akaenda ukutani na nyundo. Aling'oa ramani, akaigeuza, akaipigilia na misumari ya inchi sita. Kabla msumari wa mwisho haujaingia, gauni lilikuwa limekauka kau. Kifua kikampanda: yeye, jini amelitimua kwa nyundo.

Mlango ukabishwa. Ni Mama Awiti, pindo la gauni lake linadondoka tope.

"Baba Kathini, wewe ndiye profesa. Nisomee hiyo ramani. Huu mto unaelekea wapi?"

Mstari wa buluu sasa ulishuka upande wa pili, kwa ukuta wa Mama Awiti. Kitonga akaurukia msumari kuung'oa. Ukakataa. Kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Mwambie ukweli," Nthoki akasema.

Kitonga akafungua mdomo. Nyuma ya ukuta mawe yakaacha kusagana, kama mtu aliyenyamaza ili asikie vizuri anaelekezwa wapi.