Pumzi za Sanduku la Shimanzi

Asubuhi ile Aidarus alipofungua mlango wa godauni, sanduku la kufundishia marubani lilikuwa linanukia udi.

Alisimama, akavuta pumzi tena. Siku zote mahali pale palinuka mafuta, mpira na magunia ya kahawa ya majirani. Huku Shimanzi hakuna anayefukiza udi. Kuna malori tu, yakipita mpaka mabati yanatetemeka. Aliingiza kichwa ndani ya sanduku. Harufu ilitoka humo humo, tena ilikuwa na joto, kama kanzu iliyotoka kwenye chetezo sasa hivi.

"Jamaldin," alimwuliza mwanafunzi wake, "jana ulikuwa arusini?"

"Arusi ya nani, mwalimu? Jana nilikuwa kwako, nikila pilau ya mkeo."

Swabaha, mke wa Aidarus, alikuwa dadake Jamaldin. Nyumbani kijana alimwita Aidarus shemeji. Kazini hakuruhusiwa.

Kampuni ya Bwana Abdulgani ilianza kufundisha marubani muda mfupi baada ya Uhuru, na sanduku hilo ilikuwa imelinunua kutoka jeshini. Lilikuwa ndege ya uongo: mabawa mafupi ya mbao, kiti kimoja, mishale ya kuonyesha kimo na mwendo, na kifuniko kilichoshushwa mwanafunzi akabaki gizani mchana kweupe. Chini yake palikuwa na mivukuto ya ngozi iliyojaa hewa na kuitoa, ikaliinamisha sanduku huku na huku kama lililo angani. Aidarus alikaa mezani mbele ya ramani, akisema na mwanafunzi kwa kipaza sauti. Juu ya ramani kilitembea kidude chenye magurudumu, wenyewe wakikiita kaa, kikichora kwa wino njia anayoruka mwanafunzi. Aidarus hakuwahi kurusha ndege. Jicho lake moja lilikuwa bovu na daktari alimkatalia. Marubani wote aliowatoa, aliwatoa kwa sauti yake.

Wiki iliyotangulia mvukuto mmoja ulikuwa umepasuka kwa unyevu. Ngozi ya Ulaya ingechukua miezi kufika, na Bwana Abdulgani hakutaka kungoja. Basi Aidarus aliupeleka Mji wa Kale kwa Fundi Athmani, anayewamba ngoma, naye akautia kiraka cha ngozi laini mno. Tangu hapo sanduku lilicheza vizuri kuliko zamani.

Jamaldin aliingia, kifuniko kikashuka, somo likaanza.

"Geuka kushoto, urudi Mombasa," Aidarus alisema.

Kaa akageuka kulia. Akavuka ufuo, akaingia baharini, akaendelea kuelekea pasipo na kisiwa wala mji, mpaka akafika ukingoni mwa ramani. Pale akawa anagonga ubao wa meza, anarudi nyuma kidogo, anagonga tena.

Aidarus alikwenda akafunua kifuniko.

"Nimekwambia kushoto."

"Umeniambia kulia, mwalimu. Ukasema nisiogope, niendelee."

"Mimi?"

"Tena kwa upole. Hapo ndipo ningeshuku, maana wewe na upole hamjuani."

Walicheka wote wawili. Lakini Aidarus alikuwa ameshazima umeme, na chini ya sanduku mivukuto ilikuwa bado inajaa na kupungua, polepole, kwa mpigo.

Tangu siku hiyo Jamaldin hakutulia. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki ndani ya sanduku. Akaanza kujipaka marashi ya mawaridi. Nyumbani kwa dadake, Kibokoni, alikokaa, alikuwa hatulii: atapanda darini, atashuka, atapanda tena, na akiitwa ale atasema anakuja, asije.

Swabaha alimvuta mumewe jikoni, akasema kwa sauti ya chini ili nduguye asisikie.

"Yuwala mayai mabichi. Nimemwona kwa macho yangu, yuwapasua na kumeza."

"Vijana huambiana mayai yaongeza nguvu."

"Na kusema peke yake? Jana aliitika huko juu, 'Naam, mwalimu.' Nawe ulikuwa msikitini." Alishika mkono wa kanzu ya mumewe. "Jumamosi mwampeleka angani peke yake mpaka Lamu. Baba kafa, mama kafa, sina mwengine. Akigeukia baharini huko, nani atamrudisha?"

Asubuhi Aidarus alimwendea Bwana Abdulgani, akaomba safari ya Jamaldin iahirishwe.

"Mkaguzi wa marubani anakuja kutoka Nairobi kuiona," Bwana Abdulgani alisema huku akitafuna tambuu. "Nimwambie nini, Aidarus? Kwamba kijana anapenda mayai?"

Adhuhuri ile, watu walipotangulia msikitini, Aidarus aliingia mwenyewe ndani ya sanduku. Umeme ulikuwa umezimwa na mezani hapakuwa na mtu. Alivaa visikizi vya masikioni, akashusha kifuniko, na giza likamfunika, giza la moto lenye udi na mawaridi, na mwanzo hakusikia ila moyo wake, kisha akatambua kwamba si moyo wake, ni mivukuto chini ya kiti inayopiga kama ngoma inayopigwa nyumba ya tatu, na sanduku likaanza kuinama upande wa kulia, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na mishale ya kimo ikapanda, ikapanda, na ndani ya masikio yake ikaja sauti anayoijua kuliko sauti zote kwa kuwa ni yake mwenyewe, haina haraka wala ukali, ikisema: "Toka, Aidarus. Hapa ni pahali pa Jamaldin. Mimi naye twaenda kwetu."

Alitoka bila viatu. Hakusimama mpaka akafika Mji wa Kale, kwenye kibaraza cha Fundi Athmani.

"Ngozi ile uliitoa wapi?"

Fundi aliweka nyundo chini. "Ngozi gani, bwana?"

"Athmani."

"Ya ngoma ya Bibi Mwanakuu," fundi alisema, sasa kwa kunong'ona. "Aliniletea niiwambe upya. Ile kuukuu ilikuwa laini kama hariri, nikaona haya kuitupa yote."

"Ngoma ya pungwa, ya kutolea majini? Ngozi yake si hurudishiwa mwenyewe?"

"Nilimrudishia, bwana. Ila kipande."

Bibi Mwanakuu, aliyekuwa akipunga majini tangu ujana wake, alikuja godauni Ijumaa baada ya swala, malori yalipokuwa yamepungua. Aidarus alikuwa amewaita Swabaha na Jamaldin pia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alipita moja kwa moja hadi kwenye mivukuto, akaweka kiganja juu ya kiraka, akainama kama anayesikiliza tumbo la mja mzito. "Jini huyu namjua. Nilimtoa kwa mwanamke wa Kuze. Alikuwa akililia kwao ng'ambo, hakukubali kwenda, basi nikamtuliza ngomani. Ngoma haina pumzi. Nyinyi mmempa pumzi, mmempa na mabawa."

"Basi tuikate ngozi," Aidarus alisema.

"Yuko juu sasa. Ukimkatia njiani, atamwangukia mtu." Alimtazama Jamaldin, aliyekaa juu ya gunia, dadake amemshika mabega, magoti yake yakitetemeka sawasawa na mpigo wa mivukuto. "Mtue kwanza. Si ndiyo kazi yako hiyo?"

Aidarus alikaa mezani. Kiti cha sanduku kilikuwa kitupu, kifuniko kimeshushwa, umeme umezimwa, na kaa alikuwa mbali baharini akizunguka. Alishika kipaza sauti.

"Geuka kushoto," alisema. "Shika magharibi."

Kaa alisita. Kisha akageuka.

Akamrudisha kama alivyowarudisha wote, kwa maneno yale yale, punguza mwendo, shuka kidogo, shikilia hapo, usiogope, na kila neno lilipomtoka alilihisi likikwaruza koo kama linalovutwa na mtu wa upande wa pili, na sanduku likatikisika, na harufu ikajaa godauni nzima mpaka Swabaha akajifunika pua kwa buibui, na Jamaldin akawa anaguna kwa kila pigo, na kaa akavuka ufuo, akakaribia kisiwa, akawa anajivuta sasa, hataki, na Aidarus akamwambia bado kidogo, bado kidogo, mpaka magurudumu yakasimama juu ya uwanja wa ndege uliochorwa kwenye ramani na mivukuto ikatoa pumzi ndefu isiyofuatwa na nyingine.

Bibi Mwanakuu alipitisha kisu. Kiraka kilitoka. Alikifunga katika kitambaa cheupe bila kukitazama.

Jamaldin alipangusa uso. "Mbona mwaniangalia hivyo? Nipeni maji."

Swabaha alilia bila sauti, akampa. Aidarus alitaka kusema alhamdulillahi, akatoa mkwaruzo tu.

"Sauti imechoka," alisema Bibi Mwanakuu. "Asali na ndimu. Itarudi."

Jioni ile Jamaldin alikula wali na samaki, akalala usingizi mzito, akakoroma. Aidarus alimsikiliza, akaona hakuna tena sababu ya kumzuia.

Jumamosi walisimama nje ya ua wa waya wa uwanja wa ndege wa Port Reitz, Aidarus na mkewe, tangu ndege ilipoondoka. Swabaha alikuwa akienda na kurudi kando ya waya, akihesabu tasbihi, akianza upya kila alipokosea. Aidarus alijifunga kitambaa shingoni. Sauti ilikuwa haijarudi hata kidogo.

Ndege ilionekana, ikashuka vizuri, ikasimama. Jamaldin akaja mbio mpaka kwenye ua, na dadake akamshika mikono kupitia waya.

"Hukuogopa?"

"Kidogo. Karibu na Lamu palikuwa na wingu, nikaupoteza ufuo. Lakini mwalimu alinishika mkono." Alimgeukia Aidarus akicheka. "Redioni, shemeji, kwa sauti yako ile ile ya upole. Mimi nilidhani umeambiwa usiseme mpaka koo lipone."

Swabaha aliiachia mikono yake.

"Alikwambia nini?" aliuliza taratibu.

"Kwamba nimeruka vizuri. Kwamba mafuta bado yapo, nije tu niwaamkie, kisha nirudi juu tumalize safari."

Hapo ndipo Aidarus alipotambua kwamba injini haikuzimwa. Nyuma ya kijana rafadha ilikuwa bado inazunguka puani mwa ndege. Jamaldin aligeuza shingo kama mtu aliyeitwa, akatabasamu, akaanza kurudi kwenye ndege. Aidarus alifungua mdomo amwambie asiende, na hakukutoka kitu ila hewa. Akaruka ua, akakimbia kumfuata.