Anwani ya Orodha ya Feza

Kwenye kibanda cha kuchaji simu, sokoni Kasongo, lilibaki tundu moja tu la umeme wa sola, na mikono miwili ikalifikia pamoja. Feza alikuwa amevaa kikwembe cha rangi ya chungwa, kompyuta wazi mkononi. Zuberi, shati limejaa vumbi la barabara ya Kabambare, alichungulia kioo cha kompyuta hiyo badala ya kuomba radhi.

"Kumbe unaandikaka programu na Python?"

"Ndiyo. Na weye?"

"Miye niko mutu wa C."

"Pole sana," Feza akacheka. "Chaji wa kwanza, hiyo luga ya C iko na mateso ya kutosha."

Mapenzi yalianza hapo, msiniulize kwa nini. Baada ya miezi saba walikuwa na programu moja na ahadi moja. Programu ilichunga joto la friji za chanjo: Python ya Feza ilikusanya vipimo katika orodha, C ya Zuberi ikavisoma na kuvionyesha kwenye kifaa kidogo ukutani. Ili wasipoteze muda kunakili, Python iliipa C anwani tu ya mahali orodha ilipokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ahadi ilikuwa Jumapili: wajomba wa Zuberi wangekwenda Kasongo kuposa.

Alhamisi asubuhi, kwenye kituo cha afya Kabambare, kifaa kikaonyesha nyuzi elfu nne. Kipimajoto cha kawaida kilisema tano, chanjo zilikuwa salama. Aliyeungua ni Zuberi. Madame Léocadie, muuguzi mkuu, akakunja mikono.

"Saa kumi ninaizima mashini yenu."

Watu walikuwa wanatazama. Aibu ikampanda Zuberi kichwani, akapiga simu huku spika iko wazi.

"Feza, orodha yako iko mubaya! Umeharibu kazi yangu!"

"Umeangalia ya kwako?"

"Ya kwangu haina kosa." Watu wakaguna nyuma yake, na Feza akawasikia.

"Na unaniambia hivyo mbele ya batu?" Feza akauliza. "Basi waambie wajomba wako wasitoke."

Akakata. Akalia, tena sana, kisha akafungua kazi ya Zuberi kwenye kompyuta yake. Saa sita akaliona kosa. C iliihifadhi ile anwani na kuendelea kusoma hapo, wakati Python ina tabia yake: orodha ambayo hakuna anayeishika upande wake huifuta, na nafasi ile hupewa data nyingine. Zuberi hakumwomba Feza aishike. Alizoea C, ambako kitu hakifutwi mpaka mwenyewe akifute.

Angeweza kumpigia. Kidole kilikuwa tayari juu ya jina lake. Alimpenda yule kichwa kigumu mpaka roho inamuuma, lakini hakubonyeza.

Saa nane, Kabambare, Zuberi naye akaliona kosa. Angeweza kulirekebisha kimyakimya, aseme Feza amesahihisha lake, na hakuna ambaye angejua. Akazunguka uani mara tatu. Saa tisa na nusu akarudi ndani, akapiga simu, spika wazi.

"Feza, usikate. Madame Léocadie iko anasikia, na wote wa asubuhi. Kosa iko yangu. Nilichukua anwani, sikukuambia ubakize orodha. Weye haukuharibu kitu. Nilikusingizia, sheri, mupenzi wangu."

Hata Madame Léocadie alishusha mikono.

"Niliiona tangu saa sita," Feza akasema. "Nimekwisha kuandika: orodha inabaki mpaka C yako iseme imemaliza. Nakutumia sasa hivi."

"Saa sita? Na ukaniacha niteseke hivi? Juu ya nini?"

"Nilitaka kujua ni mutu gani ananioa."

"Na sasa?"

"Sasa waambie wajomba watoke kesho mapema. Barabara iko mubaya."